Mjumbe Hauawi, Lakini Huulizwa

Mwulize Mkenya yeyote jina la mbunge wake, atakutajia, na huenda akakuongezea lakabu aliyobandikwa sokoni pamoja na ahadi alizozivunja. Mwulize majina ya wale tisa wanaoiwakilisha nchi yake katika Bunge la Afrika Mashariki, atatafuta pa kuanzia asipaone. Niliwauliza wasafiri wenzangu ndani ya kosta iliyokuwa ikitutoa Nairobi kwenda Arusha, liliko Bunge hilo. Jirani yangu, fundi wa majokofu aliyeitwa na hoteli moja huko, alikuna kichwa akasema anachojua ni kwamba wanalipwa kwa dola. Abiria wa kiti cha nyuma akadakia: "Si huko ndiko wanakopelekwa walioangushwa kwenye kura?" Kosta nzima ikacheka, dereva akiwemo.

Mzaha ule ulikuwa na punje ya ukweli. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema Bunge la kila nchi mwanachama litachagua watu tisa, na hao tisa wasiwe wabunge wa Bunge lenyewe. Watoke katika vyama mbalimbali vilivyomo bungeni, wawe wa jinsia zote, na makundi maalumu yawakilishwe. Watatumikia miaka mitano, na hakuna anayeruhusiwa kupita vipindi viwili. Hawapigiwi kura na mwananchi, basi. Hawana jimbo, hawana mfuko wa maendeleo wa kujengea zahanati, wala hawana mkutano wa hadhara wa kuzomewa. Mwanasiasa aliyeshindwa nyumbani mwezi wa nane anaweza kabisa kuapishwa Arusha mwezi wa kumi na mbili, naye akaitwa Mheshimiwa kama kawaida.

Nilikuwa nakwenda kuwaona wakiwa kazini. Kwetu, habari za wabunge walioko nje huandikwa kwa namna mbili tu: ama picha ya pamoja mbele ya bendera, ama orodha ya marupurupu. Nilitaka kujua kuna nini kati ya hayo mawili, na je, yanayosemwa kule ukumbini humfikia mtu aliyebeba gunia mpakani?

Wazo la wabunge kuvuka mpaka ili wazungumze na wabunge wenzao si la jana. Mwaka 1889 mbunge wa Uingereza, William Randal Cremer, na mwenzake wa Ufaransa, Frédéric Passy, walikutanisha wabunge wa nchi kadhaa jijini Paris kutafuta njia ya kumaliza migogoro kwa usuluhishi badala ya vita. Passy alipata sehemu ya Tuzo ya kwanza ya Nobel ya Amani mwaka 1901, Cremer akapata yake mwaka 1903. Chama walichokianzisha ndicho leo Umoja wa Mabunge Duniani, wenye makao yake Geneva, na Oktoba 2023 kule Luanda kilimchagua Dkt. Tulia Ackson, wakati huo Spika wa Tanzania, kuwa rais wake, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushika wadhifa huo. Ni heshima kubwa. Lakini Umoja ule hutoa maazimio, na azimio halimlazimishi ofisa yeyote kufungua geti. Arusha ni tofauti, kwa kuwa pale wabunge waliotumwa na nchi zao hutunga sheria inayozifunga nchi zenyewe.

Tulipita Kitengela, Isinya, Kajiado. Baada ya Bissil nyumba zilipungua, migunga ikatawala, ng'ombe wakavuka barabara bila haraka huku kijana aliyejitanda shuka nyekundu akiwafuata na simu sikioni. Kisha mlima Oldonyo Orok ukajitokeza, mweusi na mzito, na chini yake mabati ya Namanga. Kabla kosta haijasimama vizuri, akina mama wa Kimaasai walikuwa wameshafika madirishani na shanga zao, na wabadilisha fedha walikuwa wameshatuhesabia noti za shilingi ya Tanzania. Malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu pembeni, madereva wamelala chini ya tela, mmoja akisonga ugali kwenye jiko la mkaa.

Zamani safari hii ilikuwa na foleni mbili. Uliteremka upande wa Kenya ukagongewa muhuri wa kutoka, ukatembea kwa miguu eneo lisilo la mtu, halafu ukaanza upya upande wa Tanzania. Sasa gari linaloelekea Arusha hupita upande wa Kenya bila kusimama kwa ukaguzi wa pasi, likaenda moja kwa moja hadi jengo la Tanzania. Humo ndani utawakuta maofisa wa nchi zote mbili. Anayetoka Tanzania naye humalizia shughuli zake zote upande wa Kenya. Ndicho wanachokiita Kituo cha Pamoja cha Forodha.

Nilisimama kwenye foleni nikitazama jinsi kinavyofanya kazi. Dirisha la kwanza lilikuwa la ofisa wa uhamiaji wa Kenya, sare yake imenyooshwa vizuri, chupa ya chai pembeni ya kompyuta. Alipokea pasi yangu, akanitazama usoni, akagonga muhuri wa kutoka Kenya. Wakati huo yeye, meza yake na muhuri wake vilikuwa ndani ya ardhi ya Tanzania. Nikasogea hatua chache hadi dirisha la ofisa wa Tanzania, nikaweka vidole kwenye mashine, nikaulizwa nakwenda wapi na nitafikia kwa nani, nikagongewa wa kuingia. Yule wa Kenya alikuwa ameshamwita anayefuata.

Jiulize ni kwa mamlaka gani ofisa wa nchi moja anatumia sheria za nchi yake juu ya udongo wa nchi nyingine. Kwa desturi za mataifa hilo ni jambo zito, na wapo watu waliowahi kupigana kwa dogo kuliko hilo. Ruhusa yake iko katika Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mipakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Inaeleza eneo ambamo ofisa wa nchi jirani anaweza kukagua, kutoza na hata kumkamata mtu kwa sheria za kwao, na inaeleza nani atamshtaki ofisa huyo naye akikosea. Wabunge wa Arusha waliupitisha mswada mwaka 2013. Saini za marais zilikamilika mwaka 2016. Kituo cha Namanga chenyewe kikazinduliwa Desemba 2018 na Uhuru Kenyatta na John Magufuli. Kwenye jiwe la msingi la jengo huandikwa majina ya viongozi wakuu. Mbunge aliyesimama kutetea kifungu cha mamlaka ya ofisa wa uhamiaji hana jiwe.

Nyuma yangu alisimama mama mmoja wa makamo, mikononi ana fungu la magunia matupu yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekesha njiani. Alikuwa amepeleka vitunguu vya Mang'ola kwenye soko la Marikiti, Nairobi, na sasa anarudi nyumbani. Akaniambia foleni ya watu haimsumbui tena.

"Hapa kwa binadamu pamerahisishwa, kaka. Wewe hukuona? Dakika chache tu. Shida ipo kwa kitunguu."

Akanihesabia vyeti kwa vidole. Cha afya ya mimea. Cha asili ya bidhaa. Cha mionzi, kwamba kitunguu hakina nururu za nyuklia. Kila kimoja na ofisi yake, ada yake, na siku ambayo mwenye muhuri hayupo. Mzigo ukiwa mdogo, wa thamani isiyozidi dola 2,000, kuna utaratibu rahisi wa Jumuiya wenye cheti kimoja cha asili kinachotolewa palepale mpakani, na yeye huutumia. Lakini vile vingine vinabaki. "Ndiyo maana wenzangu wengine wanapita njia za panya," alisema bila kupunguza sauti. Nilimwuliza kama amewahi kumwona mbunge wa Afrika Mashariki hapa. Akacheka. "Wanakuja, mbona. Wanakuja na magari meupe, wanaingia ofisini kwa mkuu, wanatoka, wanapiga picha na sisi. Sijui huwa wanaandika nini."

Namanga ni mahali pazuri pa kupimia urafiki wa nchi hizi mbili, kwa kuwa kila zinapokosana ndipo panapoumia kwanza. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Oktoba 2017 mamlaka za Tanzania ziliteketeza hapa vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, zikihofia mafua ya ndege. Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya: ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakajaa barabarani, na siku chache baadaye marufuku ikalegezwa kwa masharti. Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alisimama mbele ya kikao cha pamoja cha Bunge la Kenya jijini Nairobi, akazungumza juu ya udugu na biashara, na wabunge wakamshangilia. Ilikuwa siku njema ya diplomasia ya bungeni. Hata hivyo, mahindi yalizuiwa kwa barua ya idara na yalifunguliwa kwa barua ya wizara. Ukisoma visa hivi kimoja baada ya kingine unaona kwamba pale pasipo na sheria ya pamoja yenye meno, mfanyabiashara huishi kwa kutegemea kama wakubwa wameamka vizuri.

Hata mfuko wa plastiki unashuhudia. Mswada wa kudhibiti plastiki kwa Jumuiya nzima ulifika kwa wabunge wa Arusha miaka mingi iliyopita. Nchi hazikuusubiri. Rwanda ilishachukua hatua mwaka 2008, Kenya ikapiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Katika kipindi kati ya tarehe hizo mbili za mwisho, mfuko uleule ulikuwa halali upande mmoja wa geti la Namanga na kosa la jinai upande wa pili.

Kutoka mpakani hadi Arusha ni kilomita zipatazo mia moja. Longido ikapita kushoto na mlima wake, kisha Oldonyo Sambu, halafu Mlima Meru ukafungua kilele chake kati ya mawingu na hewa ikabadilika: baridi, migomba, kahawa, bodaboda. Fundi wa majokofu alishuka Ngaramtoni akiniachia agizo: nikiwaona hao waheshimiwa niwaulize habari za kibali cha kazi.

Makao makuu ya Jumuiya ni majengo ya kisasa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani na kuzinduliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo ofisi zilikuwa katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, kilichojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya kwanza na ambacho baadaye kilitoa kumbi kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda. Getini niliacha kitambulisho, nikapewa kadi ya mgeni, nikapanda hadi jukwaa la wageni. Palikuwa na wanafunzi wa sekondari waliokuja na mwalimu wao, mashati meupe, madaftari magotini, na zaidi yao hapakuwa na watu wengi.

Spika aliingia kwa maandamano, siwa imetangulia mabegani mwa mpambe wa Bunge, wote wakasimama. Utaratibu ni ule tuuonao Dodoma na Nairobi: dua, maswali, hoja. Tofauti iko kwa waliokaa. Nchi wanachama sasa ni nane, baada ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na kila moja ina haki ya viti tisa, iwe Kongo yenye watu zaidi ya milioni 100 au Burundi inayoweza kuingia ndani ya jimbo moja la Kongo ikabaki nafasi. Mawaziri wa Afrika Mashariki wa nchi zote huingia kwa vyeo vyao, wakazungumza, lakini kura hawana. Chini yangu walikaa wabunge ambao serikali zao zilikuwa zikitupiana maneno makali juu ya vita vya Goma na waasi wa M23. Walikuwa wakisogezeana karatasi za ratiba.

Swali la asubuhi lilihusu vikwazo vya biashara visivyo vya kodi. Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuviondoa, na mwulizaji alitaka kujua kwa nini vingine vikifutwa leo huzaliwa upya kesho kwa jina jipya. Alivitaja: ada za vyeti, vipimo vinavyorudiwa, vizuizi vya polisi barabarani. Waziri aliyesimama kwa niaba ya Baraza la Mawaziri alijibu kwamba suala linashughulikiwa katika ngazi ya wataalamu. Mbunge mmoja akaomba swali la nyongeza. "Mheshimiwa Spika, hao wataalamu wana tarehe?" Wanafunzi walicheka, mwalimu akawakazia macho. Waziri akarudia jibu lake kwa maneno mengine. Nilimkumbuka mama wa vitunguu na vidole vyake. Kumbe wanaandika, na wanauliza. Jibu ndilo lililokosa tarehe.

Majadiliano yalikwenda kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha rasmi iliyotajwa katika ibara ya 137 ya Mkataba. Mapumziko ya chai yalipofika Kiswahili kilichukua nafasi yake, cha Pwani, cha Bara, cha Bujumbura, na kile cha Wakongo chenye Kifaransa ndani. Pale ndipo nilipoona kazi ambayo haiandikwi kwenye kumbukumbu rasmi. Wabunge wawili wa nchi tofauti walikuwa wamesimama karibu na birika wakigombania maneno ya kifungu kimoja, mmoja akisema wakulima wake watamla mzima, mwingine akichora kwa kalamu juu ya kitambaa cha karatasi namna ya kukipunguza makali. Walipomaliza, yule wa pili alikikunja kile kitambaa akakitia mfukoni.

Nilikula mchana na mbunge mmoja ambaye aliniomba nisitaje jina wala nchi yake. Tuliagiza mtori na nyama ya kuchoma katika mgahawa uliokuwa karibu. Nilimfikishia mzaha wa kwenye kosta. Hakukasirika.

"Waambie ni kweli, wengine tuliangushwa," alisema. "Lakini mimi sina shida ya kuchekwa. Shida yangu ni kwamba nikirudi nyumbani hakuna mlango wa kuingilia. Bungeni kwetu mimi si mwanachama. Wizarani naambiwa niandike barua. Redioni wananiuliza posho ni kiasi gani. Mjumbe hauawi, ndugu yangu, lakini na kusikilizwa pia hasikilizwi."

Nikamwuliza kuhusu miswada inayopotea. Akasukuma bakuli pembeni akanieleza kwa utulivu. Mswada ukishapita Bungeni hupelekwa kwa wakuu wa nchi. Ibara ya 63 inawapa miezi mitatu. Mmoja wao tu asiposaini, mswada hurudi Arusha na maelezo ya sababu. Wabunge wakiutengeneza na kuupeleka tena, na mkuu mmoja akakataa kwa mara ya pili, umekufa. Ni mlango mmoja wenye kufuli nane na funguo katika mifuko minane. "Ule wa mipakani ulichukua miaka mitatu badala ya miezi mitatu," alisema, "na huo ni wenye bahati."

Nguvu ya kuzuia iko hata ndani ya ukumbi. Akidi haitimizwi kwa idadi ya jumla peke yake, kwani inatakiwa angalau theluthi moja ya wabunge wa kila nchi wawepo. Wakitoka saba wa nchi moja, kikao kinaweza kukwama. Desemba 2017 wabunge wa Tanzania na Burundi walisusia uchaguzi wa Spika, ikabidi wenzao watafute njia ya kikanuni ya kuendelea bila wao. Kanuni hiyo iliwekwa ili nchi kubwa isiimeze ndogo, na shabaha yake ni nzuri. Lakini inamkumbusha kila mbunge kwamba ametumwa na nchi kabla ya kutumwa na ukanda, na siku ya mgogoro bendera huwa karibu zaidi ya Mkataba.

Alasiri nilipita upande wa Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyomo ndani ya eneo lilelile. Kwa Mkenya, Mahakama hii ina kesi moja ya kukumbukwa. Mwaka 2006 majina ya wabunge tisa wa Kenya yalipitishwa na kamati ya Bunge kama orodha ya vyama, bila uchaguzi wowote. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake kumi wakaja Arusha kushtaki. Novemba mwaka huo Mahakama ikazuia tisa hao wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba kilichofanyika Nairobi hakikuwa uchaguzi kwa maana ya ibara ya 50. Kenya ikalazimika kutunga kanuni upya na kuchagua upya, na Bunge zima likachelewa kuanza. Wakuu wa nchi nao hawakukaa kimya: Desemba 2006, kesi ikiwa bado inaendelea, waliurekebisha Mkataba, wakaongeza ngazi ya rufaa na sababu za kumwondoa jaji. Kwa hiyo katika kesi moja tuliona yote mawili: raia wanaweza kuuliza mjumbe amepatikanaje, na wenye madaraka wanaweza kuona uchungu wa kuulizwa.

Halafu kuna fedha. Kwa miaka mingi kila nchi ilitakiwa kuchangia bajeti ya Jumuiya kwa kiwango sawa na nyingine, tajiri na maskini mamoja, na wapo wasiolipa kwa wakati. Mwaka 2025 Bunge lililazimika kusimamisha shughuli zake kwa kuwa kasha lilikuwa tupu. Sikusikia maandamano mahali popote. Serikali inayotaka kuunyamazisha mswada haina haja hata ya kukataa saini. Inatosha kuchelewesha mchango.

Niliporudi kwenye nyumba ya wageni jioni nilisoma Mkataba tena, na nikakwama kwenye ibara ya 65. Hainukuliwi sana. Inamwagiza Karani wa Bunge la Arusha apeleke kumbukumbu za mijadala kwa mabunge ya nchi wanachama, zikawasilishwe mezani huko, na ya huko nayo yarudi Arusha. Maana yake mlango ambao yule Mheshimiwa alilalamika kuwa haupo, umo tayari kwenye maandishi. Kinachokosekana ni Bunge la taifa kutenga saa moja, kuzichukua zile kumbukumbu za mjadala wa vikwazo vya mpakani, kumwita waziri wake na kumwuliza cheti cha mionzi cha nini kwa kitunguu ambacho nchi mbili zinakila kila siku. Huko ndiko jibu hupata tarehe, kwa kuwa huko ndiko bajeti za wizara hupitishwa.

Sikutoka Arusha nikiamini kwamba wale tisa ni watalii wa kisiasa, wala kwamba ni mashujaa wasiojulikana. Nilitoka nikiamini kwamba tumewatuma bila kuwaagiza, na hatuwapokei wanaporudi. Ofisa wa Kenya aliyegonga muhuri wangu katika ardhi ya Tanzania ni ushahidi kwamba kazi yao inaweza kumfikia mtu wa kawaida hadi kwenye pasi yake. Vyeti vya yule mama ni ushahidi wa umbali uliobaki.

Bunge la sasa, la tano, liliapishwa Desemba 2022, na muda wake utakwisha Desemba 2027, miezi michache baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya. Orodha zitaandaliwa katika ofisi za vyama, na baadhi ya majina yatakuwa ya walioanguka Agosti. Mbunge wako wa jimbo ndiye atakayepiga kura ya kuwachagua wale tisa, na yeye unamjua, unajua hata duka anakonunua sukari. Mwulize atampigia kura nani, na huyo atakayepelekwa anajua mswada gani umekwama kwenye meza ya rais gani. Akikosa jibu, mwulize tena wiki inayofuata.